Fomu Arobaini Zinazofanana

Mliniomba niandike kurasa chache za kuwekwa kwenye faili ya wageni, ile anayopewa mhoji mpya siku ya kwanza asome akingoja kitambulisho chake. Mkasema niandike mambo kumi niliyojifunza kazini. Nimejaribu. Nilipofika jambo la nne nikagundua la pili linapinga la kwanza, na la tatu sikumbuki nililipata wapi. Kwa hivyo nitasimulia tu, na anayetaka orodha ajitengenezee.

Lakini kuna neno moja ambalo lazima nilishughulikie, na ninalitaja mapema ili msiseme niliwazungusha. Neno hilo ni kuwekesa. Mnalitumia kila siku. Mtu akijaza fomu akiwa amekaa kwa kinyozi badala ya kwenda mlangoni kwa watu, mnasema amewekesa. Nimemsikia msimamizi mmoja, simtaji, akimwambia mwenzake, "Ukiniwekesea hata moja, unaenda nyumbani." Hakuna anayeuliza neno limetoka wapi. Limetoka kwa mtu. Mzee Wekesa ndiye aliyenifundisha kazi hii, na aliyelitunga neno hilo ni mimi. Nililitunga mezani wakati wa chakula ili watu wacheke, na walicheka sana.

Sasa nianze mwanzo.

Nilifika siku ya kwanza nikiwa na viatu vya kisigino, kwa sababu mama yangu aliniambia kazi ya ofisi ni kazi ya ofisi. Ofisi yetu ya utafiti ilikuwa ghorofa ya pili juu ya duka la vipuri vya magari, na hatukukaa humo hata saa moja. Mzee Wekesa alinitazama miguuni, hakusema kitu, akanipeleka kwa mguu mpaka mtaa mmoja wa nyumba za kanjo, yaani za halmashauri ya jiji, upande wa nyuma wa Soko la Burma. Akanikalisha kwenye jiwe karibu na bomba la maji, akaniambia niandike ninachoona mpaka saa sita. Yeye akaenda kuhoji watu.

Aliporudi akasoma ukurasa wangu wa kwanza. Nilikuwa nimeandika, "Wanawake wanne wavivu wamekaa kivulini."

"Uvivu uko wapi hapa?" akaniuliza.

"Si hao, mzee. Wamekaa tangu saa tatu."

"Umeona wanawake wanne. Umeona wamekaa. Uvivu umetoka nao kwenu." Akalikata neno kwa penseli. "Nenda umuulize mmoja wanangoja nini."

Walikuwa wanangoja maji. Bomba lilifunguliwa saa sita, kisha likafungwa tena, na aliyeondoka kwenye foleni alikuwa amepoteza nafasi yake. Nilirudi na aibu na malengelenge. Mzee Wekesa akatoa ndala kwenye mkoba wake akanipa. Alikuwa akibeba jozi mbili kila siku, za kike na za kiume, kwa ajili ya wahoji wapya, na hakuwahi kumwambia mtu kabla hajaumia.

Baba yake alikuwa mtu wa reli kutoka magharibi, na yeye alizaliwa kwenye nyumba za reli hapa hapa Nairobi. Mimi baba yangu alikuwa dereva, Mkamba wa Machakos. Kwa hivyo sote tulikulia Eastlands, mashariki mwa jiji, na sote tulidhani tunaijua, lakini yeye alikuwa anaijua kwa milango. Alinifundisha kwamba kaya si mlango, ni sufuria. Nyuma ya mlango mmoja wa kanjo waweza kukuta sufuria tatu na watu wasiosalimiana. Alinifundisha kwamba ukikaribishwa chai, kunywa, lakini soda kataa, maana chai ipo tayari na soda wameitoa dukani kwa sababu yako. Namba ya fomu tuliiandika kwa chaki juu ya mlango, asije mwenzako akahoji nyumba hiyo hiyo. Na alikuwa na sharti moja ambalo alilirudia mpaka ukachoka: andika ulivyoambiwa. Kama huamini, usibadilishe. Andika pembeni kwamba ndivyo ulivyoambiwa.

Nilifanya kazi chini yake miaka kumi na moja. Kama kuna mtu wa ofisini ambaye ningeapa kwamba namjua, ni yeye.

Mkurugenzi wa siku zile tulimwita Bwana Wastani, kwa sababu kila swali alilijibu kwa wastani. Ukimwambia mtaa fulani una shida ya maji, atakuuliza wastani wa ndoo. Alikuwa msomi wa takwimu, mtu mwadilifu, aliyekuja kazini kabla ya mfagiaji. Kwake jambo lisiloingia kwenye mashine halikuwa jambo. Sisemi hivi kwa dharau. Nilimwamini, na siku nyingi alikuwa sahihi, na hilo ni mojawapo ya mambo yanayonichanganya mpaka leo.

Ikaja kazi moja. Mteja alitaka kujua ni nani wanaoishi kwenye nyumba zile za kanjo nyuma ya Burma, kabla ya mtaa kujengwa upya kuwa maghorofa. Mzee Wekesa alichukua nyumba arobaini. Fomu zilipoingizwa kwenye mashine, zilikuwa zinafanana. Sisemi kukaribiana, nasema kufanana. Mwenye nyumba yupo, ameenda kazini. Watu wanne. Mpangaji hakuna. Wamekaa hapo tangu zamani. Hata pale pembeni pa maoni, ambapo mhoji huandika la kwake, zote arobaini zilikuwa na sentensi moja: "Imeandikwa kama ilivyosemwa."

Bwana Wastani akaniita. "Watu arobaini hawawezi kufanana hivi," akasema. "Haiwezekani. Huyu amepika majibu mwenyewe. Nenda kwa nyumba kumi uhakikishe."

Nikaenda. Nilikuwa na fomu ya ukaguzi yenye swali moja: je, mhoji alifika hapa? Ndiyo, au hapana. Nilibisha milango kumi na watu kumi wakaniambia hapana. Walisema haraka, wengine kabla sijamaliza swali. Mwanamke mmoja mrefu, aliyekuwa ndiye kama mkubwa wa wale wa bombani, alisimama mlangoni akiwa amejifunga leso, akasema, "Hapa hakuna mtu amekuja, dada. Labda alienda mtaa ingine." Nikaweka alama ya hapana mara kumi, nikarudi ofisini, nikasaini.

Mkutano ulikuwa mfupi. Bwana Wastani alikuwepo, mteja alikuwepo, nilikuwepo mimi na fomu zangu kumi. Mzee Wekesa alisema neno moja tu: "Nilifika kwa kila mlango." Akaulizwa basi kwa nini majibu yanafanana. Akanyamaza. Akaulizwa tena. Akanitazama mara moja, akatazama meza. Akafutwa kazi, akachukua mkoba wake akaondoka, na nafasi yake nikapewa mimi. Wiki iliyofuata, mezani, kijana mmoja alikuwa amekosea kujaza fomu mbili zikafanana, na mimi nikamwambia, "Wewe umeanza kuwekesa?" Ndivyo lilivyozaliwa neno.

Bwana Wastani alistaafu. Ofisi ikabadilisha jina, kisha ikalibadilisha tena. Wafadhili wapya wakaja na kadi za rangi na kalamu nene, na tukaambiwa tusahau kuhesabu. Sasa tulikaa kwenye mduara na wakazi, tukawasikiliza, na kila mtu alikuwa na ukweli wake. Nilikipenda kipindi hicho. Nilisikia maisha ya watu ambayo fomu zangu zilikuwa zimeyapita kwa miaka. Lakini kila tulipomaliza niliandika ripoti, na sikujua niseme nini, maana kama kila mtu ana ukweli wake, ripoti yangu ni ukweli wa nani?

Siku moja nilimweleza mkufunzi wa semina habari za Mzee Wekesa, bila kutaja jina. Alinisikiliza kwa huruma kabisa. Kisha akasema, "Yule mzee ana ukweli wake, na wakazi wana ukweli wao." Nilitoka pale nikiwa nimepona. Miaka mingi nililala usingizi mzuri kwa sababu ya sentensi hiyo. Hakuna aliyekosewa. Kulikuwa na kweli mbili zilizopishana barabarani, basi.

Mwaka wangu wa mwisho kazini akaja Daktari Njoki, mhadhiri kijana wa kike, mvaa viatu vya raba, aliyekataa kuitwa daktari ingawa hakuna aliyethubutu kumwita vingine. Wengi wenu mlikuwepo. Alikuja kwa utafiti wa vibarua wa Mathare wanaotembea kwa miguu kwenda viwandani. Alianza kwa siku tatu za mafunzo, na siku ya kwanza nilidhani amekuja kutuvuruga.

Alichora miduara mitatu ubaoni, mmoja ndani ya mwingine. Mdogo wa ndani, akasema, ni yale tunayoyaona. Wa kati ni yale yanayotokea, tuyaone tusiyaone. Mkubwa wa nje ni vile vinavyoyafanya yatokee. Akasema falsafa hiyo kwa Kiswahili yeye anaiita uhalisia hakiki. Dunia ipo hata kama hatuijui, hiyo ndiyo nusu ya kwanza. Na tunachodhani tunakijua kinaweza kuwa na makosa, hiyo ndiyo nusu ya pili. Lazima uzibebe zote mbili kwa pamoja. Kwenye daftari langu la siku ile nimeandika "sielewi" mara tano, na mara ya tano nimepiga mstari chini.

Nikanyoosha mkono. "Daktari, hivyo vya mduara wa nje, nani amewahi kuviona?"

"Mara nyingi hakuna."

"Sasa tunajuaje vipo?"

"Kwa kazi vinavyofanya."

"Hiyo si kama Mungu?"

Darasa likacheka. Yeye hakucheka. "Tofauti ni kwamba hapa lazima uwe tayari kuambiwa umekosea, Madam Mwikali. Unasema, nadhani kuna kitu fulani kinachofanya haya yatokee. Halafu unaenda kutafuta ushahidi wa kukuumbua."

Akatoa mfano wa hao vibarua. Tukihesabu, akasema, tutapata kwamba wengi wanatembea, na tutaandika kwamba wanapenda kutembea. Tukikaa nao kwenye mduara, watatuambia kutembea kuna maana gani kwao. Yote mawili ni sawa, lakini bado hatujauliza ni nini kinachofanya watembee. Je, lango la kiwanda linafunguliwa saa ngapi, na nani huchaguliwa, aliyewahi au aliyechelewa? Je, magari ya asubuhi hiyo yapo? Hakuna hata moja kati ya hayo kwenye fomu, na wala si maoni ya mtu. Lango lipo ulitaje usilitaje.

Hapo nilianza kuelewa kidogo, halafu nikapotea tena. Nikamuuliza, kama tunaweza kukosea kila mara, basi yule mkufunzi wa kadi za rangi alikuwa sahihi, kila mtu na lake. Akasema hapana, ni kinyume. Huwezi kukosea mpaka kuwe na kitu cha kukikosea. Nilikaa na sentensi hiyo mpaka saa ya chai na sikujua kama nimeikubali au nimechoka.

Siku ya tatu akatuambia kila mmoja alete jambo alilowahi kulifunga lakini likabaki linamwasha. Mimi, kwa ujinga wangu, nikaleta fomu arobaini. Nikalisimulia kwa madaha, kama kichekesho, na nikaeleza neno kuwekesa lilivyoanza. Watu wakacheka pale pale walipocheka zamani.

Daktari Njoki akaniuliza, "Fomu arobaini zinafanana. Ili zifanane hivyo, lazima kuwe na nini?"

"Mpishi," nikasema.

"Na kingine?"

"Hakuna kingine."

"Kingine?"

Nilikasirika. Mimi ni mtu mzima. "Au watu arobaini wawe wamekaa chini wakakubaliana," nikasema, nikitaka aniache.

Aliniacha. Akaketi kwenye ukingo wa meza. "Sawa. Sasa una mawili. Utajuaje ni lipi? Huyo mzee alikuwa hodari?"

"Kuliko sisi wote. Ndiye aliyetufundisha kugundua fomu zilizopikwa."

"Alikuwa anawafundisha nini?"

Nikasikia sauti yangu ikijibu. "Kwamba mpishi huchanganya majibu ili yasifanane."

Hakuna aliyecheka tena. Na ile sentensi ya pembeni, imeandikwa kama ilivyosemwa, ambayo tulidhani ni uvivu wa mpishi, ilikuwa ni Mzee Wekesa akituambia kwa njia pekee aliyokuwa nayo kwamba anaambiwa uongo. Aliandika mara arobaini. Sisi tukahesabu mara arobaini hizo, tukazigeuza kuwa kosa.

Nilitaka kuandika hapa kwamba ndipo nilipokumbuka milango. Si kweli. Sikuwa nimesahau. Ile siku ya ukaguzi, milango yote kumi ilikuwa na vumbi la Eastlands mnalolijua, na juu ya kila mlango, pale tulipozoea kuandika chaki, kulikuwa na mahali pasafi, ukubwa wa kiganja, palipopanguswa kwa kitambaa chenye maji. Niliona mlango wa kwanza. Niliona wa pili. Kufikia wa tano nilikuwa naangalia chini. Fomu yangu ilikuwa na ndiyo na hapana, haikuwa na mahali pa vumbi.

Sasa mnaniuliza falsafa hii ina faida gani, na najua mmoja wenu anaandika tasnifu juu yake na anataka jibu zuri. Mimi sina. Miduara bado inanichanganya, na nikijaribu kuichora naikosea. Naweza kusema hili tu. Bwana Wastani alisema Mzee Wekesa hakufika, kwa sababu namba zilikataa. Mkufunzi wa kadi alisema kufika ni ukweli wake na kutofika ni ukweli wao. Wote wawili waliniruhusu nibaki nimekaa. Yule binti wa raba ndiye wa kwanza kunifanya niulize swali la mtoto: jamani, yule mzee aliingia kwenye zile nyumba au hakuingia? Maana miguu yake ama ilikanyaga pale ama haikukanyaga, na maoni yetu sote hayawezi kuihamisha.

Mtaa wenyewe ulishabomolewa, maghorofa yamesimama. Niliuliza-uliza mpaka nikaambiwa yule mwanamke mrefu, Mama Akinyi, anapika ugali kwa vibanda vya nyama choma pale pale Burma. Nilimkuta mchana, ameshika mwiko kwa mikono miwili.

"Mama Akinyi, unanikumbuka?"

"Sura naijua. Wewe si wa chama ya kanisa?"

"Nilikuja kwenu na fomu, zamani, kabla nyumba zibomolewe. Nilikuuliza kama kuna mzee alikuja kabla yangu."

Akaacha kusonga. "Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Alikuja," akasema. "Alikunywa chai kwangu. Nilimpatia kiti ya mtoto, magoti ikafika kwa kidevu, na hakusema kitu."

"Mbona mlisema hakuja?"

"Sikiza, dada. Karibu sisi wote hizo nyumba hazikuwa zetu kwa jina. Wenye jina walikuwa wameenda kujenga zao huko mbali, wametuachia. Kanjo ikijua, unatoka na godoro yako siku hiyo hiyo. Tukasikia watu wa fomu wanakuja. Tukakaa hapo kwa bomba, tukapanga: mwenye nyumba ameenda kazi, watu ni wanne, mpangaji hakuna. Hata watoto tulifunza. Sasa huyo mzee akatuandikia kitu pembeni, kila nyumba. Tukaogopa, tukasema huyu ametushika. Ndio ukakuja wewe. Tukasema hakuna mtu alikuja, hiyo fomu itupwe."

"Na chaki?"

"Mimi ndio nilipangusa. Si unaona urefu yangu?"

"Alifutwa kazi, Mama Akinyi."

Aliuachilia mwiko, ugali ukaanza kunuka. "Haki hatukujua," akasema. "Sisi tulikuwa tunaficha nyumba. Hizo fomu zilitupwa kweli, tukakaa hapo miaka mingi tena. Akinyi amemaliza shule akiwa hapo." Kisha akaniuliza, "Sasa hiyo ni mbaya ama ni mzuri?" Nikamwambia sijui. Sijui hata sasa.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Njiru. Mzee Wekesa anaishi huko kwa binti yake, kwenye nyumba ya mawe isiyopakwa rangi, na nilimkuta akipunguza majani ya sukuma wiki bustanini. Amezeeka. Alinitambua kabla sijafungua lango.

"Mwikali," akasema. "Karibu. Umevaa viatu vya maana, umejifunza."

Tukaletewa chai kibarazani. Nikamweleza yote: Daktari Njoki, miduara, Burma. Nilipofika kwa wanawake wa bombani nilitegemea ashtuke. Akapuliza chai yake.

"Nilijua kwa nyumba ya tatu," akasema. "Walikuwa wanasema sawasawa kama watoto wa shairi shuleni."

"Mbona hukusema kwenye mkutano?"

"Mteja alikuwa amekaa pale mezani. Nikieleza kwa nini majibu yanafanana, nimewataja. Wangeamka kesho wako barabarani."

"Ungeniambia mimi, pembeni."

"Nilidhani wewe utaona. Si nilikufundisha kuangalia milango?"

Hapo ningeweza kunyamaza. "Niliona, mzee," nikasema. "Yote kumi ilikuwa imepanguswa."

Aliweka kikombe chini. Nililia, nasema wazi, na hakunibembeleza.

"Wale walikuwa na nyumba za kupoteza," akasema mwishowe. "Wewe ulikuwa na nini?"

"Sijui, mzee. Nafasi yako nilikuwa naitaka. Lakini pia nilikuwa naamini fomu, kweli nilikuwa naamini. Nimejaribu kutenganisha nijue ni lipi lilinisukuma, nimeshindwa."

"Basi ukiandika, andika yote mawili," akasema. Nimeandika.

Nikamuuliza kama alijua kuhusu lile neno. Akasema alijua tangu mwaka jana. Mjukuu wake aliajiriwa kwetu, akarudi nyumbani jioni moja akicheka: Kuka (ndivyo wanavyomwita babu kwao), hata jina lako tunalo kazini, mtu akidanganya tunasema amewekesa. Majina kama la babu yake ni mengi, kwa hivyo mjukuu hakuwaza lolote. Nyumbani mzee alikuwa amewaambia tu kwamba alikuwa karani mjini.

"Ukasema nini?"

"Nilicheka naye," akasema. "Ningefanya nini? Nikimwambia mimi, nitakuwa mzee anayejitetea."

Wengi wenu mnamjua mjukuu huyo. Ni Sharon wa timu ya Mathare. Wakati tukiwa bado tumekaa, akaingia langoni na begi la tableti begani na vumbi mpaka magotini.

"Madam Mwikali! Aki wewe, hapa kwetu?" Akacheka, akanikumbatia. "Kwani mnajuana na Kuka?"

Mzee Wekesa hakunisaidia. Alikuwa akitazama sukuma zake.

"Huyu ndiye aliyenifundisha kazi," nikasema.

"Kazi gani? Hii yetu? Kuka alikuwa karani."

"Alikuwa mhoji, Sharon. Ofisi hii hii yetu, kabla haijabadilisha jina."

Akaanza kutabasamu, kama mtu aliyepewa zawadi. Kisha nikaona tabasamu likisimama katikati. Akamtazama babu yake, akanitazama mimi. "Si Wekesa yule?" akasema polepole.

"Hakuna Wekesa yule," nikamwambia. "Kuna huyu. Hakupika hata fomu moja, na aliyesaini kwamba alipika ni mimi."

Akakaa chini pale pale kwenye ngazi, begi bado begani, karibu na miguu ya mzee. Hakunisuta. Aliuliza tu ilikuwaje, nami nikaanza kumsimulia tangu mwanzo, nikijitahidi nisijipendelee. Nikasema siku babu yake alipotoka ofisini na mkoba wake, mvua ilikuwa inanyesha.

"Hakukuwa na mvua," akasema Mzee Wekesa. "Jua lilikuwa kali. Endelea."